Sindano ya Asubuhi Tayari

Najma, Doha
Ijumaa, 10 Oktoba 2025

Mwalimu Gerishon,

Habari ya miaka mingi. Ni mimi Jeptoo, uliyenifundisha Kiingereza kidato cha tatu na cha nne pale Litein. Nilikuwa nikikaa karibu na dirisha, na nilikuwa wa kwanza kurudisha karatasi ya mtihani na wa kwanza kufeli. Anwani hii nimepewa na binti yako Jennifer. Ameniambia masikio yamekuacha kabisa na simu haikufai tena, lakini barua pepe unasoma zote na kujibu siku hiyo hiyo. Pole sana kwa masikio, Mwalimu.

Niko Doha mwaka wa pili sasa. Nyumbani nilisomea uuguzi na diploma ninayo, ila hapa mtu bila leseni si nesi. Mimi ni mhudumu wa wagonjwa majumbani. Kila asubuhi gari la kampuni linanitoa Najma hadi Muaither kwa mama mmoja mzee, Mkatari, anaitwa Mama Latifa. Ana sukari, anachomwa insulini kila asubuhi, na magoti yamekataa. Mimi ninaingia saa moja asubuhi. Anayelala naye ni Cheryl, msichana wa Nyamira ninayeishi naye chumba kimoja. Tunapokezana pale mlangoni, yeye anapanda gari lile lile lililonileta.

Ili nipate leseni lazima nipite mtihani wa Kiingereza. Kusikiliza nimepita. Kuongea na kuandika nimepita. Kusoma nimefeli mara mbili. Mtihani mwingine ni Jumamosi ya tarehe 29 Novemba, na mkataba wangu unaisha Januari. Kampuni imetuambia wazi kwamba asiye na leseni hataongezewa.

Shida yangu ni yale maswali ya ufahamu yenye majibu manne. Nikiyasoma, yote manne yananiambia ukweli. Jasho linanitoka viganjani hadi karatasi inalowa. Nyumbani wanajua mimi ni nesi, Mwalimu. Sijawahi kuwaambia vinginevyo.

Nisaidie.

Mwanafunzi wako,
Jeptoo


Ahero
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Jeptoo,

Nimekukumbuka, na dirisha nimelikumbuka pia, kwa sababu ulikuwa ukilitazama kuliko ubao.

Unasema majibu yote manne yanakuambia ukweli. Basi wewe unasikiliza sana. Kutunga jibu sahihi ni kazi ya dakika moja. Kutunga majibu matatu ya uongo yenye sura ya ukweli, hiyo ndiyo kazi. Nimetunga mitihani miaka ishirini na sita na nilikuwa nikifurahia sana kuwanasa watu kama wewe.

Kwa hiyo acha kutafuta jibu sahihi. Wewe ni mtu wa hospitali. Chukua kila jibu bovu ulilaze kitandani, ujiulize limekufa kwa ugonjwa gani. Magonjwa yenyewe si mengi. Kuna jibu linalozidisha: kifungu kimesema "baadhi", lenyewe linasema "wote". Kuna linaloazima maneno ya kifungu na kuyafunga mahali pengine, kama mtu aliyevaa koti la jirani. Kuna lililo kweli duniani lakini kifungu hakikulisema. Na kuna la mwisho, ambalo ni baya kuliko yote: limo ndani ya kifungu, ni kweli tupu, ila halijibu swali lililoulizwa. Hilo limeua watahiniwa wengi.

Nakutumia vifungu vinne. Usiniletee majibu, majibu ninayo. Niletee sababu za vifo vitatu kwa kila swali, kwa sentensi zako mwenyewe.

Gerishon Omondi


Najma, Doha
Jumamosi, 25 Oktoba 2025

Mwalimu,

Nimefanya vyote vinne mara mbili. Kile cha daraja kimenionyesha ugonjwa wangu. Kifungu kinasema daraja lilifungwa na wachuuzi wakahamia ng'ambo. Mimi nikachagua "wachuuzi walihama kwa sababu daraja lilikuwa hatari". Nimelitafuta neno "hatari" kifungu kizima, halipo. Nimelileta mimi. Nikiona pengo ninalijaza na kile ninachojua hutokea, halafu naapa nimekisoma.

Cheryl ananicheka. Anasema sasa hata nikisoma paketi ya maziwa nasonya. Lakini yeye mwenyewe ndiye anayenishikia saa nikifanya zoezi siku zangu za mapumziko, akitoka kazini na macho mekundu, kabla hajalala. Ni mtu mzuri. Ana haraka tu, kama mimi. Daftari la kampuni ni la Kiingereza na lina kurasa tatu za kujaza kila zamu, kwa hiyo asubuhi ananiachia kikaratasi cha Kiswahili kwenye mlango wa friji, mistari mitatu hivi, na daftari tunalijaza baadaye tukipata nafasi. Mimi pia namwachia jioni. Msimamizi wetu hajui, na hatuna nia ya kumwambia.

Naogopa tarehe 29, Mwalimu. Tuma vingine.

Jeptoo


Doha
Jumanne, 4 Novemba 2025, saa tano na robo asubuhi

Mwalimu,

Nisamehe leo sina salamu. Nimetunga kifungu kifupi cha kujipima. Ni cha Kiswahili, lakini kichukue kama cha mtihani.

"Sukari 8.4. Sindano ya asubuhi tayari. Mama amekataa mkate, amekunywa maziwa kidogo. Ameamka vizuri."

Swali: Msomaji anajua nini kuhusu sindano?

A. Imeshachomwa.
B. Imeandaliwa, bado haijachomwa.
C. Mama ameikataa.
D. Kifungu hakisemi.

Mimi nimechagua B. Kalamu ya sindano ilikuwa imewekwa kwenye trei pamoja na pamba. Naomba unijibu haraka ukiweza.

Jeptoo


Ahero
Jumanne, 4 Novemba 2025, saa nane mchana

Jeptoo,

Umekosa, na nashangaa, kwa sababu barua iliyopita ulijitambua vizuri sana.

Jibu ni D. C ni jepesi: limeazima neno "amekataa" kutoka kwa mkate na kuivisha sindano. A na B ni mapacha waliogawana neno moja. "Tayari" yaweza kuwa kazi imekwisha, yaweza kuwa vitu vimeandaliwa. Kifungu hakichagui, na wewe huna ruhusa ya kukichagulia.

Halafu trei imetoka wapi? Nimesoma mistari yako mara tatu, trei haimo. Umetoka nje ya kifungu, ukaokota trei, ukarudi nayo kama ushahidi. Anayechagua B hajasoma. Ameona alichokuwa akitarajia kukiona. Kwenye mtihani mtu wa namna hiyo anapoteza alama moja tu. Kazini, akikutana na neno kama hilo, ana jambo moja la kufanya: amwulize aliyeandika. Asipouliza, hana wa kumlaumu.

Rudia.

Gerishon Omondi


Ahero
Jumanne, 4 Novemba 2025, saa kumi kasorobo

Jeptoo,

Nimekaa na kifungu chako tangu nilipokujibu, na chakula changu kimepoa hapa mezani.

Mtihani wako ni wa Kiingereza. Kwa nini utunge kwa Kiswahili? Umeniandikia saa tano ya Jumanne, na Jumanne uko kazini. Na umeandika "ilikuwa". Hukusema kalamu iko kwenye trei, umesema ilikuwa.

Mama huyo yuko wapi sasa?

Kama amechomwa mara mbili, waambie madaktari sasa hivi. Usinijibu kwanza. Waambie. Jennifer amekupigia mara nne na hushiki. Mimi hata ukishika siwezi kukusikia.

Nilichokuandikia saa nane nilidhani naandikia zoezi.

Gerishon


Najma, Doha
Alhamisi, 6 Novemba 2025

Mwalimu,

Mama Latifa yu hai. Naanza na hilo.

Nitakueleza kama ilivyokuwa. Jumanne nilifika saa moja, Cheryl akanipita mlangoni akikimbilia gari. Nikasoma kikaratasi. Nikaona kalamu kwenye trei. Nikamchoma Mama yuniti kumi na nne. Sikuuliza. Simu ilikuwa mfukoni, Mwalimu, na gari halikuwa limefika hata barabarani.

Saa tatu na nusu akaanza kutoka jasho na kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Nikapima sukari: 2.3, imeshuka vibaya. Nikampaka asali ndani ya shavu, nikaita ambulansi, nikamwamsha binti yake, Madam Hessa. Tukiwa njiani nikampigia Cheryl.

"Ulimchoma Mama?"

"Si nilikuandikia? Leo aliamka mapema, nilimchoma saa kumi na mbili na nusu. Tayari, nilikuandikia tayari."

Nikakata simu. Hospitalini daktari akaniuliza, "Leo amepata yuniti ngapi?" Nikasema, "Kumi na nne." Madam Hessa alikuwa amesimama hapo. Mdomo wangu ulisema kumi na nne. Nilijua ni ishirini na nane na nikasema kumi na nne.

Ndipo nikaenda kukaa kwenye viti vya ukumbini nikakuandikia. Nataka ujue kwa nini. Nilitaka useme B. Ungesema B ningenyamaza, ningejiambia hata Mwalimu angefanya vile vile.

Sukari ilipanda kwa dripu na saa saba wakaanza kusema jioni atarudishwa nyumbani. Madam Hessa akanishika bega, akaniambia, "Umemwokoa mama yangu." Nilitamani sakafu inimeze. Saa nane barua yako ikaingia. Nilifika pale uliposema hana wa kumlaumu, nikasimama. Ile ya pili sikuiona hadi jioni. Nilimfuata daktari kwenye meza yake na kumwambia, "Si kumi na nne. Ni ishirini na nane. Amechomwa mara mbili." Hakupiga kelele. Aliuliza saa ya kwanza na saa ya pili, akaandika, akafuta ruhusa ya kwenda nyumbani. Saa kumi sukari ikaporomoka tena, dripu ikiwa mkononi. Angekuwa nyumbani, Mwalimu. Angekuwa kwenye kiti chake mbele ya televisheni na sisi tungedhani amesinzia.

Madam Hessa hajanisemesha tangu hapo.

Jana msimamizi wetu, Bwana Wayne, ameniita ofisini Al Sadd. Ameandaa maelezo kwa Kiingereza ili niweke sahihi. Nakufasiria: "Hakukuwa na maandishi yoyote kwenye daftari kuonyesha kwamba dozi ya kwanza imetolewa. Nilitoa dozi kwa kufuata maagizo ya daktari. Nilipogundua tatizo nilijulisha hospitali mara moja." Akaniambia, "Jeptoo, wewe una mtihani mwezi huu. Mwenzako ndiye hakuandika. Weka sahihi, mambo yaishe." Nimemwomba hadi Jumapili nisome vizuri.

Cheryl amemwambia aliniandikia, lakini yeye haamini kuna kikaratasi. Ninacho. Nilikibandua kwenye friji kabla ya ambulansi kufika, sijui hata mkono wangu ulifikiria nini, na sasa kiko ndani ya kava ya simu. Cheryl aliniuliza, "Kile kikaratasi kilienda wapi?" Nikamwambia sijui. Nimemwambia hivyo na tunalala umbali wa mkono mmoja.

Kila sentensi ya Bwana Wayne ni kweli. Nimeitafuta iliyo ya uongo sijaipata. Nikiweka sahihi, naenda kwenye mtihani. Nikitoa kikaratasi, wataona tulikuwa tukiandikiana kinyume cha sheria, wataona nilisoma na sikuuliza, na familia ikitaka polisi, ni sisi wawili. Kuna dada Mganda hapa ghorofani anasema alimjua mtu aliyekaa ndani miezi minne kwa jambo dogo kuliko hili. Sijui kama ni kweli. Nikilala naliona geti la gereza.

Niambie la kufanya.

Jeptoo


Ahero
Ijumaa, 7 Novemba 2025

Binti yangu,

Nimekusahihisha miaka yote nikiwa na kalamu nyekundu na chai pembeni. Leo ninaogopa kuandika. Nikikosea hapa si mimi nitakayelala ndani. Mimi niko Ahero kwenye kiti changu. Kwa hiyo sitakuambia uchague lipi. Nitakusomea tu alichoandika Bwana Wayne, kwa sababu hilo ndilo ninaloliweza.

Sentensi ya kwanza ni kweli. Daftarini hakukuwa na kitu. Lakini swali halikuwa daftari. Swali ni kama uliambiwa. Uliambiwa, kwa neno bovu, kwenye karatasi unayoijua ilipo. Hili ni lile jibu la nne nililokuonya: kweli tupu, na limeinama pembeni likikwepa swali. Anayelisoma atajua kitu kimoja tu, kwamba Cheryl alinyamaza. Hakunyamaza.

Ya pili ni kweli pia, ila imekata maagizo katikati. Daktari aliagiza mara moja kila asubuhi.

Ya tatu umenifasiria "mara moja". Jeptoo, ulijua ukiwa ndani ya ambulansi. Ulisema saa nane. Unaniambia umeitafuta sentensi ya uongo na hukuipata. Umeipita, au umeificha? Sikulaumu. Nami ningeipita, kwa hofu hiyo. Lakini daktari yule aliandika saa, wewe mwenyewe umeniambia, na siku mtu atakapoziweka karatasi hizo mbili pamoja, neno hilo moja litakugeuza mwongo hata katika yale uliyosema kweli.

Jambo moja tu nitalisema kama baba. Ukiamua kukitoa hicho kikaratasi, Cheryl asikione kwa mara ya kwanza mezani kwa msimamizi. Akione chumbani kwenu, kutoka mkononi mwako. Na kipige picha, umtumie Jennifer, kabla hujakipa mtu yeyote.

Nami nisamehe kwa barua ya saa nane. Ilikuwa na majivuno ya mzee aliyekosa wanafunzi.

Gerishon


Ahero
Jumatatu, 10 Novemba 2025

Jeptoo,

Picha imefika kwa Jennifer tangu Ijumaa jioni, bila neno lolote. Leo ni Jumatatu. Simu yako imezimwa kabisa, Jennifer anasema hata haiiti.

Andika hata neno moja.

Gerishon


Najma, Doha
Alhamisi, 13 Novemba 2025

Mwalimu,

Hunijui. Mimi ni Cheryl, yule wa kikaratasi. Jeptoo amenipa email yako nikuandikie juu yeye hana simu. Ilikuwa ya kampuni, wameichukua Jumapili waangalie calls, na hawajarudisha.

Ijumaa jioni nilikuwa naoga, nikatoka nikapata ameketi kwa kitanda yangu na ile karatasi ameiweka kwa mto. Nikaiona. Mwalimu, siku tatu nilikuwa nimeambia kila mtu niliandika na hakuna mtu ananiamini, hata mimi mwenyewe nilianza kujiuliza kama niliandika kweli. Nilimtusi matusi sitakuandikia. Nikamwambia, "Ulikuwa unaniangalia nikilia na uko nayo?" Akasema, "Ndiyo." Hiyo tu. Hakujitetea. Nikamrushia kiatu, ikampata hapa kwa bega. Jumamosi yote hatukuongea, na hii chumba ukigeuka unagusa mtu.

Jumapili akavaa, akaniambia anaenda Al Sadd kuipeana, kama nataka niende naye, kama sitaki pia sawa. Nikaenda. Kwa basi mama mmoja aliniangalia uso akanipa kiti. Wayne aliisoma, akauliza hiyo "tayari" ni nini kwa English. Jeptoo akasema, "Inaweza kuwa vitu viwili, na mimi sikuuliza ni gani." Wayne akageuka rangi. Alisema kama tungenyamaza ingekuwa kosa ya mtu mmoja, sasa ni kosa ya kampuni nzima. Akachana ile statement yake. Akatuandikisha mpya, kila mtu na yake, vyumba tofauti, saa tatu.

Sasa tumesimamishwa. Tuko kwa nyumba tunangoja. Wanasema familia bado inaamua kama itaenda polisi. Kila gari ikisimama hapo chini tunaangaliana. Jana ilikuwa tu mtu wa gesi, na Jeptoo alikuwa ameshavaa viatu, amekaa kwa kitanda na begi kwa magoti, kama mtu anangoja kuitwa. Hali chakula. Hasomi. Anasema mtihani haendi.

Bado niko na hasira na yeye. Nataka ujue hiyo. Lakini ile statement ya kwanza ilikuwa inanizika pekee yangu, na angeweka tu sahihi. Mimi sijui kama ningefanya alichofanya. Usimwambie nimesema hivyo.

Mwandikie kupitia kwangu.

Cheryl Nyaboke


Ahero
Alhamisi, 13 Novemba 2025

Binti yangu Cheryl,

Asante kuniandikia. Hasira yako ni halali, kaa nayo kadiri unavyotaka. Hayo ya mwisho sitayasema.

Nimeambatanisha vifungu sita. Usimwombe Jeptoo asome. Soma wewe kwa sauti, ukikosea makusudi kila mara, uchague jibu bovu kabisa ulitetee kwa nguvu. Hawezi kuvumilia. Namjua.

Hapa Jennifer analala na simu kifuani ili nami nipate habari. Mkiitwa popote, andika kabla ya kutoka, hata kama ni "tumeitwa" tu.

Baba yenu,
Gerishon Omondi


Najma, Doha
Jumapili, 14 Desemba 2025

Mwalimu,

Simu nimerudishiwa, na leo ndiyo mara ya kwanza nina nguvu ya kukuandikia mwenyewe. Cheryl amekuwa akikutumia vipande vipande, nikueleze yote.

Polisi hawakuja. Mama Latifa alikaa hospitalini siku kumi na tatu, kwa sababu ya kifua kilichompata humo, na tarehe 17 akarudi nyumbani. Kampuni imetupa sisi wawili onyo la mwisho la maandishi. Cheryl amehamishiwa kituo cha wazee. Mimi nimewekwa ofisini kupanga mafaili hadi mkataba uishe, na wameniambia hautaongezwa, kwa leseni au bila leseni. Bwana Wayne hanitazami machoni. Ila wametoa fomu mpya ya kupokezana zamu, ukurasa mmoja, na mahali pa kuandika saa na jina la aliyechoma.

Mtihani niliufanya. Cheryl alinichokoza na vile vifungu sita hadi nikamnyang'anya karatasi. Alikuwa anatetea majibu ya ajabu sana, Mwalimu, mwingine angedhani ni wakili. Tarehe 29 alinisindikiza hadi mlangoni na kunishikia koti. Humo ndani jasho lilinitoka kama kawaida, lakini kila jibu nililolikataa niliandika sababu yake pembeni kwa penseli, na nilitoka wa mwisho. Ijumaa majibu yametoka. Nimepita, alama kumi tu juu ya mpaka.

Basi jana nimekaa kujaza fomu ya leseni. Swali la kumi na moja linauliza: je, umewahi kupewa onyo kazini linalohusu usalama wa mgonjwa? Ndiyo, au Hapana. Nimelitazama kutoka saa nane hadi saa kumi. Cheryl akaniambia, "Hiyo kampuni hata haitawaambia. Nani atajua?" Nikaweka Ndiyo, nikaambatanisha maelezo yangu, nikatuma. Hawajajibu. Wanaweza kukataa. Kila barua ikiingia naifungua papo hapo, hata ya matangazo.

Kuna jambo moja sikumwambia hata Cheryl. Siku moja kabla Mama hajaruhusiwa nilikwenda hospitalini. Nilikuwa nimeketi nje ya wodi karibu saa nzima kabla Madam Hessa hajatoka. Alisema, "Sitaki urudi nyumbani kwangu. Daktari ameniambia ni wewe uliyesema. Ndiyo maana sitakwenda polisi. Lakini usirudi." Nikasema ndiyo, Madam. Kisha akasema, "Dakika tano. Yeye hajui lolote, usimwambie. Anakuulizia."

Mama Latifa alikuwa amekaa kitandani, shela yake imeenda upande. Aliponiona akacheka na ufizi wote. Nami nilikuwa nimeandaa maneno yangu machache ya Kiarabu ya kumuaga, hakuyasubiri. Mwalimu, aliniona tu, akakunja mkono wa gauni lake hadi juu, akaninyoshea mkono. Kama kila asubuhi. "Yalla, binti," akasema, yaani haya, tuendelee, na akafumba macho, kwa sababu huwa hapendi kuona sindano.

Sikuweza kusogea. Alikaa hivyo, amefumba macho, mkono hewani, akinisubiri.

Nesi wa wodi akaingia na trei yake. Alikuwa Mfilipino, mdogo kuliko mimi, na haraka zimemjaa. Akachukua kalamu. Nikasikia sauti yangu imetoka, kubwa kuliko nilivyotaka, hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka.

"Ameshachomwa leo?"

Yule nesi akaniangalia kama mtu aliyetukanwa. Nilidhani ataniambia nitoke. Akaweka kalamu chini, akafungua faili, akapitisha kidole kwenye mstari, akarudia mstari ule ule mara ya pili.

"Bado," akasema. "Nimesoma. Bado."

Nikamshika Mama ule mkono mwingine hadi akamaliza.

Jeptoo